Shamba la Kulaza Maji

Mahindi yangu yalikuwa yamekauka vizuri, bado kuvunwa tu, na mto ulikuwa unapanda. Siku kama hiyo mtu asiniambie habari za subira.

Shamba letu liko bondeni, juu kidogo ya mji. Baada ya yale mafuriko yaliyobomoa mitaa ya chini iliundwa kamati ya mto, na kila mtu akapewa lake. Watu wa mlimani wachimbe makingamaji na waache kulima hadi ukingoni mwa vijito. Watu wa mjini wazibue mitaro waliyoigeuza jalala. Sisi tukaambiwa mto ukizidi, maji yatalazwa shambani kwetu ili yasiuvamie mji kwa pupa. Wakatujengea tuta na lango la chuma lenye usukani na kufuli. Mara ya kwanza kamati ikalifungua kwa wasiwasi tu, mvua yenyewe ikakatika, maharage yangu yakaoza bure. Niliwaka! Nilisema mkutanoni mpaka mwenyekiti akavua miwani. Tangu hapo ufunguo nakaa nao mimi mwenye shamba, na sharti ni moja: nifungue maji yakigusa mstari mwekundu uliopakwa kwenye nguzo ya daraja.

Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa mlimani na wenzake wa kamati. Akanipigia simu kwamba makingamaji yamejaa na yanamwagika, akauliza mstari. Nikamwambia bado, na ilikuwa kweli. Alipopiga tena nilikuwa katikati ya shamba navunja mahindi, natupa guniani, roho juu juu. Nikamwambia bado. Safari hiyo sikuwa nimetazama. Daraja nilikuwa nimeligeuzia mgongo makusudi. Kamati ingetufidia, sikatai, kama walivyotufidia maharage: yalikuja yamechelewa, tena yametobolewa na wadudu. Watoto wangu hawali ahadi.

Ndipo nikamwona wifi anakuja na gunia tupu begani. Dada huyo wa mume wangu anakaa mtaa wa kwanza kabisa kando ya mto, pamoja na mama mkwe, ambaye tangu avunjike nyonga hatoki kitandani. Mimi na wifi hatuivi. Ni yeye aliyesema hadharani kwamba ufunguo wa mji mzima hapewi mtu mwenye hasira za moto wa mabua. Nikajua amekuja kunisuta, nikajiandaa kumjibu vilivyo.

Hakunisuta, wala salamu hakunipa. Aliingia safu iliyo kando ya yangu akaanza kuvunja mahindi, haraka kuliko mimi. Mvua ilitupiga, matope yakatushika miguu, na mto ulikuwa unanguruma nyuma yetu. Kile kimya chake kilinikera kuliko matusi. Mwishowe nikashindwa.

"Mama umemwacha na nani?"

"Peke yake."

Nikasimama. Yeye hakusimama. Akanieleza huku mikono inaendelea: majirani walikuja kumbeba kwa machela, mama akawafukuza.

"Amesema ufunguo anao mkwe wake, sasa yeye akimbie nini? Akanituma nije nikusaidie kuvuna kabla hujafungua."

Nikageuka kulitazama daraja. Mstari mwekundu haukuonekana tena. Maji yalikuwa yameumeza zamani.

Nilitupa gunia nikakimbia. Kwa pupa yangu ufunguo ukaniponyoka matopeni, na wifi ndiye aliyeupapasa akaupata. Kufuli likafunguka, usukani ukagoma. Tuliung'ang'ania wote wawili, nami nikamtukana fundi, nikamtukana mwenyekiti, nikamtukana na mume wangu aliyesaini shamba letu litumike hivyo. Ukasogea. Kisha ukazunguka, na mto ukaingia shambani kwangu.

Nililia, sioni aibu kusema. Mahindi yalilala safu kwa safu. Wifi alikuwa ameshapiga simu kwa mama. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, ikaita hadi ikakatika. Tukatazamana. Sijawahi kuogopa namna ile, kwa sababu nilijua kilichoyachelewesha maji kuingia shambani ni mgongo wangu. Mara ya tatu ikapokelewa, akaweka sauti kubwa.

"Yamefika chini ya kitanda," mama akasema. "Yalikuwa yanapanda, sasa yamesimama. Mkwe wangu yuko hapo?"

"Nipo, mama."

"Mahindi je, mwanangu? Mmeyawahi?"

Shamba lote lilikuwa maji, vilele vichache tu vinatikisika. Juu ya tuta palikuwa na nusu gunia, lile alilokimbia nalo wifi.

"Yote, mama," nikasema. "Tumeyawahi yote."

Wifi akakata simu. Nikangoja aniseme. Akainama, akalifunga lile gunia mdomo.

"Nitwike," akasema. "Mama atataka kuyaona."

Nikamtwika.