Mstari wa Moyo wa Twalibu

Tangu Twalibu aape kwamba karatasi ya daktari ikitoka njema atarudi kwenye tanuri lake la mkaa, Biubwa alikuwa akiiogopa dua yake mwenyewe. Akimwombea mumewe afya, anamrudisha kwenye moshi. Asipomwombea, ni mke gani huyo?

Pale hospitalini Kibaha, Daktari Nikolaus alikuwa akichunguza mioyo ya watu waliochakaa mapafu kama Twalibu, akataka na wa mtu mwenye afya aulinganishe nayo.

"Mama, niazime moyo wako," alimwambia Biubwa.

Wote wawili wakabandikwa nyaya vifuani. Mashine ikanong'ona, karatasi ikatambaa, Biubwa akajiona kama anaelea juu ya ukungu wa asubuhi kule kijijini kwao, Mzenga. Kisha daktari akapima kwa rula nafasi kati ya pigo na pigo, akatia nukta, akaziunganisha. Mara akaitwa wodini, akaziacha karatasi mbili mezani.

Mstari wa Biubwa ulipanda na kushuka kama kanga kambani upepo ukipita. Wa Twalibu ulinyooka mwanzo hadi mwisho.

Kijijini kwao bwana shamba alikagua matuta kwa kamba; tuta likipinda, mwenyewe anasemwa mkutanoni. Kwa hiyo Twalibu alicheka mpaka akakohoa.

"Umeona, mama Sikudhani? Moyo wangu umelimwa kwa kamba! Wako umelimwa na ngiri."

"Alhamdulillahi," Biubwa alijibu. Akahisi wepesi wa ajabu, kama aliyepokea mzigo wa mwenzie njiani. Ya Rabi, ugonjwa na uwe wangu.

Daktari aliporudi, Biubwa alimwuliza polepole, "Baba, nimebakiwa na siku nyingi?"

"Wewe? Mama, wewe ni mzima." Akawaeleza: ukivuta pumzi moyo hukaza mwendo kidogo, ukiitoa hulegeza; hucheza na pumzi. "Wa mzee hauitikii tena. Na kifua chake nimekisikiliza, kinasema hayo hayo. Moshi basi, mzee. Uwe unatoa pumzi taratibu, mdomo kama unapuliza uji wa moto."

"Magogo nimeshayapanga," Twalibu alisema. "Bado kufukia na kuwasha tu."



Kesho yake, baada ya adhuhuri, Twalibu alijilaza barazani kwao. Alipofumbua macho, jua lilikuwa la dhahabu, na magogo yalikuwa yakipita uani, moja nyuma ya jingine, juu ya vichwa vya wanawake wa jirani.

"Biubwa, naota? Magogo yangu yanatembea."

"Huoti. Nimeyagawa."

Twalibu akataka kufoka, pumzi ikamkatalia. Biubwa akaketi kando yake, akamwekea kiganja kifuani.

"Puliza uji kwanza. Ukishapata pumzi, nigombeze. Sina pa kwenda."

Akapuliza, taratibu, tena na tena. Wanawake walikuwa bado wakipita.

"Mkorofi wewe," alisema hatimaye. Kisha, "Mwambie Mwamvita, lile gogo la mkongo alilobeba asilipasue. Nitachonga kinu."

Biubwa akasimama upesi, akaita.