Mwangwi Mara Tatu

Jumatatu, saa kumi alasiri, Subirini alikuwa amepiga magoti sebuleni, makalio juu, pua karibu na zulia, akijaribu kusoma kioo cha mashine ya kubadili mlio wa gitaa. Kioo chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kiberiti na kiliweza kuonyesha herufi nane tu kwa wakati mmoja. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha na pedali mbili za kukanyaga. Kitufe ukikibonyeza kinafungua ukurasa, ukikishikilia kinaufunga, ukikishikilia kidogo zaidi kinafuta kila kitu. Hicho "kidogo zaidi" ni muda gani, ilielezwa kwenye kitabu cha maelekezo, nacho kilikuwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Jina la Subirini alipewa na wenzake wa bendi, kwa kuwa katika kila onyesho, wimbo ukiwa umekolea, aliinama na kusema, "Subirini kidogo." Miaka miwili nyuma aliwahi kupata mlio mtamu kuliko yote aliyoisikia maishani mwake, akaupiga mchana kutwa huku machozi yakimlengalenga, kisha akazima mashine bila kuhifadhi. Tangu hapo alikuwa akiutafuta. Hakuwa amejifunza wimbo mpya hata mmoja, ila goti la kulia lilikuwa limeota sugu.

Chumba cha pili mkewe alikuwa akishona. Cherehani yake ilikuwa na pedali moja: ukikanyaga inashona, ukiacha inaacha.

Siku hiyo Subirini alifika ukurasa wa kumi na moja, ambao hakuwahi kuuona. Kioo kiliandika CHANZO, kisha GITAA. Akazungusha kitufe kidogo, kikaandika MKE. Alipoinuka ili anyooshe mgongo, kiatu chake cha jukwaani, namba arobaini na tano, kikakanyaga pedali zote mbili kwa pamoja. Kioo kikaandika MWANGWI, kisha MARA 3, kikazimika.

"Chai tayari," mkewe aliita. "Tayari. Tayari."

Subirini hakuona tofauti. Kwa miaka ishirini na sita mkewe alikuwa akimwambia kila jambo mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza na ya pili hazikuwa zikimfikia. Aliyegundua ni binti yao, alipopiga simu siku ya Jumanne.

"Mama, mbona sauti inajirudia? Ni mtandao?"

"Hapana, mwanangu. Ni baba yako. Baba yako. Baba yako."

"Aa," binti alisema, wakaendelea na habari za mjukuu.

Wateja nao hawakulalamika. Mmoja alisema ni afadhali, kwani fundi wake wa zamani alitaja kipimo cha kiuno mara moja tu, tena akikosea. Mke mwenyewe aliona nafuu: sasa alisema mara moja, mwangwi ukamalizia kazi.

Jumatano alisimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni. "Baba watoto, kule chuoni wamenikubali nikafundishe ushonaji. Nyumba wanatoa. Naondoka Jumamosi asubuhi. Utakuja?"

"Utakuja?" ulisema mwangwi. "Utakuja?"

Safari hii Subirini alisikia mara zote tatu. Alimpenda mkewe, hilo hakuna aliyewahi kulibishia. Lakini ndiyo kwanza alikuwa ameufungua tena ukurasa wa kumi na moja, na alijua kwamba akiinua mkono wake tu ungejifunga, na hakukumbuka alivyoufikia.

"Subiri kidogo, mama watoto," alisema. "Nikuondolee kwanza huu mwangwi, halafu tuzungumze vizuri."

"Mimi haunisumbui. Haunisumbui. Haunisumbui."

Mashine ilimtoa jasho. Alhamisi alimwongezea mkewe besi kwa bahati mbaya, na hadi saa sita mchana akawa anazungumza kama mtu aliye ndani ya pipa. Ijumaa alimzima sauti kabisa kwa saa nzima. Mkewe aliitumia saa hiyo kufunga mizigo.

Jumamosi cherehani ilipakiwa kwenye gari dogo la mizigo. Mke akarudi mlangoni, mkoba begani.

"Utakuja?"

Subirini aliinua kidole kimoja bila kuinua kichwa. Mkewe akangoja kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano, kisha akaondoka.

Gari lilipoacha kusikika, mwangwi ulikuwa bado sebuleni. "Utakuja?" ulisema, hafifu kidogo. Subirini alilia bila kujificha. Kwa hofu kwamba wa tatu ungekuwa wa mwisho, alichomoa kitabu cha maelekezo chini ya meza, meza ikayumba, akakisoma kwa mara ya kwanza. Maelezo yenyewe yalikuwa mistari miwili tu. Alizungusha kitufe taratibu, MARA 3 ikawa DAIMA, akabonyeza HIFADHI.

Mashine ikakubali. Hakuwahi kuhifadhi chochote kabla ya hapo, na alijisikia fahari kidogo.

"Utakuja?" iliuliza sauti ya mkewe, safi, karibu na sikio, tamu kuliko ule mlio wa miaka miwili nyuma.

"Subiri kidogo," alijibu, akainama kutafuta mahali pa kupunguza besi.