Asidi Ndani ya Maji

…polepole, asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, ndivyo mume wake Evariste alivyomfundisha humuhumu gerejini, mtaa wa Rugenge, akicheka jinsi alivyoruka nyuma aliposikia beseni limepata moto bila jiko wala kuni, na sasa Pétronille alikuwa amechuchumaa peke yake akimimina asidi kwa mstari mwembamba kama uzi, beseni la udongo likianza kuchoma vidole vyake, na Rémy amesimama juu yake na bunduki begani, Rémy mtoto wa jirani, aliyekuwa akiomba kwake ugali wa jana kabla waasi hawajauchukua mji, kabla hajawa komanda, kabla hajamchukua Evariste kwenda kutengeneza kamyo zao, malori ya vita, huko Kavimvira… "Fanya mbio, Mama Pétronille, kamyo inangoja asidi ya batri, kisha ndiyo itamurudisha bwana yako," ndiyo, itamrudisha, tangu Jumapili anasema itamrudisha, iko muzima, iko anakula vizuri, na kwa neno hilo alikuwa amelala, ameamka, amekubali kushika chupa hii ambayo tone moja lingetoboa kitenge chake… moshi mwembamba, harufu ya kukwaruza koo, koroga kwa kijiti, ngoja, usiyaamini maji yakinyamaza, joto liko ndani, alikuwa akisema Evariste, ukimwaga maji juu ya asidi yatachemka palepale yakurukie usoni, na macho, Pétro, macho hayana spea… "Kumbe inachemka yenyewe?" Rémy akainama, uso wake juu ya beseni kabisa, jasho likimtoka puani, "bwana yako alikuwaka fundi muzuri, hakulia hata…" akakohoa, akasema moshi huu mubaya.

Alikuwaka.

Jana alisema iko, leo anasema alikuwaka, na hakulia hata nini, hata lini, mbele ya nani… jagi la maji lilikuwa pale karibu na goti lake, na chupa ya asidi bado nusu, angeweza kugeuza tu, maji ndani ya chupa, na uso ule uliokula ugali wake ulikuwa hapo, karibu kiasi cha kumpulizia, haujui lolote, unatazama kama mtu anayetazama sufuria ya maharage, na Pétronille akaona kwamba alitaka, alitaka kwa mwili wake wote, hata meno… "Rudisha uso nyuma, weye, itakuchoma," akasikia sauti, na ilikuwa yake, na akaichukia, kwani hayakuwa maneno yake, Evariste ndiye aliyezoea kusema vile kwa kila mtu aliyesogea, hata kwa wezi angesema… Rémy akarudi hatua moja, akasema merci, asante, Mama, na hakumtazama. Beseni liliendelea kupanda moto. Akaendelea kumimina, uzi uleule, mjane, na hakuna aliyekuwa amemwambia bado.