Kipimo cha Kioo cha Chopa

Bertilla alishasema: hapandi tena pikipiki la Felisian, lile chopa, mpaka liwekwe kioo cha kukinga upepo. Safari moja tu ya Julai ilimrudisha nyumbani Mazwi meno yakigongana, na mjane mwenye akili zake hatafuti mume wa kumuua kwa baridi. Jumapili ndiyo walitakiwa kwenda Mwazye, Felisian akajitambulishe kwa kaka zake Bertilla. Bertilla asipopanda, hakuna posa.

Basi Jumamosi wakaenda wote wawili kwa Obed fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," Felisian akaitikia. "Nataka kioo kizuri, cha kiume."

"Kioo hakina kiume, mzee. Ukikaa, macho yapite juu ya ukingo wake. Hiki kirefu, nitakikata. Kaa kama unavyokaa barabarani nipime."

Sasa chopa ni pikipiki la kujimwaga, miguu mbele, mgongo nyuma, na Felisian alikuwa bingwa wa kujimwaga. Lakini Bertilla alikuwa amesimama palepale, anatazama. Felisian, mzee wa kanisa, mshika kapu la sadaka, akadanganya mchana kweupe kwa mwili mzima: akavuta tumbo ndani, akanyoosha mgongo, akainua kidevu. Hata picha ya kitambulisho hakuipiga hivyo.

"Una uhakika ndivyo unavyokaa?" Obed akauliza.

"Miaka yote," akajibu kwa pumzi kidogo iliyobaki.

Obed akaweka alama, akakata, akafunga.

Kesho yake baada ya ibada wakaondoka. Felisian alipita mjini amekaa wima, akipungia watu ambao hata hawakumwangalia. Nyumba zilipoisha na pumzi ikaisha. Tumbo likarudi kwake, mgongo ukalegea, na ukingo wa kioo ukamkaa sawasawa machoni. Barabara ikawa vipande viwili, cha juu na cha chini, navyo havielewani. Kundi la ng'ombe lilipoanza kuvuka, aliona pembe huku na kwato kule, akachelewa kushika breki, akakata kona wakaishia shambani, katikati ya mabua ya mahindi.

Hakuna aliyeumia. Ng'ombe mmoja aliwatazama kidogo, akaendelea na safari zake.

Felisian alijua posa imekufa. Aibu ikamfika hadi masikioni.

"Nilimdanganya Obed," akasema. "Nilibana tumbo. Niliogopa ukiliona lilivyo utanikataa."

Bertilla alikuwa anatoa mabua kwenye sweta. "Felisian, tangu tumetoka Mazwi nimekushika wapi?"

Felisian akalitazama tumbo lake.

"Upepo haunifikii tena, kioo ni kizuri," Bertilla akasema. Akavua shuka aliyojitanda mabegani, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. "Kalia hii ikuinue, uone njia. Na uache kujibana, nakosa pa kushika."