Mshono wa Farasi

Mwamini alipiga magoti kwenye majani makavu, akafungua fundo la shuka tumboni mwa farasi, akanusa kabla ya kutazama. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, Asmani: pua kwanza, macho baadaye.

Harufu ilikuwa mbaya.

Daktari wa wanyama kutoka Bujumbura alikuwa amempasua farasi huyo, utumbo ulipojisokota. Alishona, akamwachia Asmani kazi: kuosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kufunga shuka safi, kumtembeza polepole uani, na mtu yeyote asimpande mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Halafu Mzungu wa shamba la michikichi, mwenye farasi, akakimbia machafuko. Na mwezi wa tano, mwaka wa 1972, lori la askari likapita Rumonge likichukua wanaume. Asmani alipandishwa humo ndoo ikiwa bado mkononi.

Luteni aliyehamia katika nyumba ya Mzungu alimwambia Mwamini, "Farasi akipona, nitaulizia habari za baba yako."

Sasa uvimbe ulikuwa wa moto, na shuka lilikuwa limeteleza, limelowa mafuta mekundu.

"Shangazi, nani amepaka mawese?"

"Ni mimi," Kulthumu akajibu mlangoni. "Nzi walizidi. Baba yako alipojikata mguu kwa panga si nilimupaka? Hakutembea?"

Hakuna aliyejua miguu hiyo ilikuwa wapi.

Mwamini alifuta mafuta, akamwagia maji ya chumvi. Usaha ukachuruzika kwenye nyuzi za chini. Alikuwa bado ameinama alipoona buti mbele yake. Luteni alikuwa amekuja na dereva wa lori lile lililomchukua baba. Kulthumu akateleza nje kimyakimya.

"Amahoro, mutoto. Mufunge tandiko. Wageni wangu wanafika, leo nampanda."

"Shefu, kidonda iko na usaha. Ukimupanda, nyuzi zitakatika. Matumbo yatatoka."

"Anakula, anasimama. Huyu amepona. Ama wewe ndiye docteur?"

Dereva akacheka.

"Hapana, shefu."

"Basi funga."

Alilibeba tandiko. Lilikuwa zito. Farasi akifia chini ya luteni, atalaumiwa yeye Mwamini. Akikataa kufunga, lori halikuwa mbali. Aliliona pale uani, turubai likipigwa na upepo wa ziwa. Farasi akalaza masikio nyuma. Hapo Mwamini akasikia sauti yake mwenyewe, ndogo, ikitoka bila ruhusa:

"Mimi sijui kufunga juu ya kidonda. Baba ndiye anajua. Shefu umesema farasi amepona. Basi mumulete baba, aje amufunge."

Luteni aligeuka akamtazama dereva. Dereva hakucheka tena. Aliokota kijiti, akainama, akaanza kukwangua tope kwenye buti lake, na hakuinua kichwa.

Mwamini alimtazama akikwangua buti ambalo tope lake lilikuwa limekwisha.

Akaelewa kwamba baba hataletwa, akaliweka tandiko chini. Akachukua shuka safi, akaingia tena chini ya tumbo la farasi.

"Nimesema tandiko!"

"Nimesikia, shefu," alisema, huku machozi yakimdondoka, akaendelea kuzungusha shuka, akakaza fundo.