Kituo Kisicho na Wadudu

Mkurugenzi wetu tulimwita Marashi, naye hakulijua jina hilo, maana hakusikia lolote lisilosemwa kwenye kipaza sauti. Anaongoza kituo cha kusafisha maji taka, na hajawahi kulisogelea tangi bila leso puani. Uchafu wa mji mzima unapita hapa, wake ukiwemo, lakini alivyokuwa akitembea ungedhani kapotea njia akienda harusini.

Mimi ni mhandisi wa tangi la kuozeshea tope. Humo ndani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula uchafu na kutoa gesi, gesi inaendesha jenereta, na jenereta ingewasha taa za zahanati iliyo nyuma ya ukuta wetu. Dada yangu ni mkunga pale. Umeme ukikatika, anazalisha huku ameng'ata tochi kwa meno.

"Mdogo wangu," alikuwa akiniambia, "mtoto hasubiri umeme urudi. Hiyo gesi yako inakuja lini?"

Nikamwahidi siku ya uzinduzi wa umeme huo. Tope lile nililipenda, na sioni haya kusema. Nililipima joto kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Mambo yaliharibikia kikaoni. Marashi aliuliza gesi inatoka wapi, nami nikamjibu kwa neno tunalolitumia sote kituoni.

"Kwa wadudu, mkurugenzi. Wamejaa mle tangini."

"Wamejaa?"

"Tele! Ndio wanaofanya kazi yote."

Alikunja uso, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ana shahada mbili ukutani, zimewekewa vioo. Nani angethubutu kumweleza mdudu ni nini?

Siku moja kabla ya uzinduzi nilishinda zahanati nikiunga nyaya. Dada alinishikia ngazi, akinitania kwamba nanuka kuliko nepi zote za wodini. Niliporudi kituoni nikakuta mpira wa kuhifadhia gesi juu ya tangi umenywea, na harufu ya klorini, dawa ya kuua vijidudu, inachoma macho. Fundi wa pampu alikuwa amekaa juu ya pipa tupu, kajiinamia.

"Mmefanya nini?"

"Amri ya bosi, injinia. Kasema mgeni rasmi asikute hata mdudu mmoja. Tumemwaga klorini yote ya stoo."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia hao ndio wenye kazi. Akasema hapa kazi inafanywa na walioajiriwa."

Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi. Alikuwa akijaribu tai mbele ya kioo.

"Umewaua! Gesi hakuna, na kuwalea upya ni miezi."

"Injinia, punguza jazba. Kituo cha usafi chenye wadudu ni aibu. Kama unawahitaji kweli, agiza wengine." Akanyoosha tai. "Ila safari hii wawe wasafi."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Marashi lilisikia dawa tu, mengine yote yakapita nje. Nilitaka kumtumbukiza tangini na tai yake.

Kesho yake mgeni rasmi alibonyeza swichi. Balbu kubwa iliyopambwa kwa utepe haikuwaka. Akabonyeza tena, kwa kidole gumba sasa. Marashi akasogea kwenye kipaza sauti, akatabasamu, akanitwisha zigo: "Mtaalamu wetu atafafanua."

Nikakishika kipaza sauti. Angalau siku hiyo angenisikia.

"Gesi ilikuwa inatoka kwa wadudu," nikasema. "Mkurugenzi ameamuru wauawe kwa ajili ya ugeni huu. Wamekufa wote."

Kisha mgeni rasmi akasimama, akapiga makofi.

"Hongereni sana! Kituo cha maji taka kisicho na wadudu! Na wengine waige!"

Hema zima likapiga makofi. Marashi akainama, mkono kifuani, machozi ya furaha yakimlengalenga.

Jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Kituoni sherehe iliendelea, maana walikodi jenereta ya dizeli kwa ajili ya spika. Simu yangu ikaita.

"Mbona giza, mdogo wangu? Si ulisema leo? Mama mjamzito yuko kitandani, kichwa cha mtoto kinaonekana."

Nikakimbia. Nilimkuta kainama, tochi mdomoni, mate yanamtiririka kidevuni. Nikaitoa, nikammulikia, na kwa sauti ya chini nikamsimulia habari ya klorini. Ng'ambo ya ukuta spika zilikuwa zikimsifu Marashi kwa usafi.

Dada hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Lakini mdomo sasa ulikuwa huru, akamporomoshea Marashi tusi moja refu, na mtoto akazaliwa kabla halijaisha.