Hofu Ndiyo Iletayo Sukari

Eulogia aliujua ugonjwa wa sukari. Ulimwingia mama yake siku aliyokimbizwa na fahali, ukamtia ganzi mguuni, kisha ukaondoka na mguu wenyewe. Hofu ndiyo iletayo, nani asiyejua hilo pale mjini Tlacolula, Meksiko? Basi shoga yake Petrona, mhudumu wa afya, alipokuja na sindano ya kupimia sukari, Eulogia alificha vidole kwapani.

“Toa balaa lako hapa! Ukinitisha, utaniletea.”

“Tone moja tu, mwoga wee! Haya, mbona unavuja damu?”

Eulogia akatazama chini. Kigae cha chupa kilikuwa kimezama unyayoni, na nyayo nyekundu zilimfuata kutoka jikoni. Hakusikia maumivu hata chembe.

Moyo ukampiga paa. Akanyoosha mkono, si kwa Petrona, bali kwenye mkate wa sukari, dawa ya kutoa hofu, akautafuna huku analia.